Mwenye Kovu Usidhani Kapowa: Lugha ya Maliwazo Baada ya Ajali za Kivuko cha Mombasa

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia matini zilizotungwa kwa makusudi ya sanaa, yaani tenzi, mashairi, riwaya na tamthilia. Makala haya yanageukia matini fupi zaidi, ambazo kila mzungumzaji wa lugha hii huzitoa kinywani bila ya kujihesabu kuwa ni mtunzi. Nazo ni maneno ya kumliwaza mtu aliyefikwa na ajali: pole na jawabu lake, methali zisemwazo kando ya kitanda cha mgonjwa, salamu za rambirambi, na istilahi mpya zilizoletwa na wahudumu wa afya ya akili. Matini hizi zina fani yake, zina kaida zake, na zina hadhira. Aidha zina jambo moja ambalo tenzi nyingi hazina: huweza kumfaa au kumdhuru mtu siku ile ile zinaposemwa.

Swali ninalotaka kulijibu ni hili: je, lugha yetu ya maliwazo humsaidia mtu aliyenusurika kupona, au humtaka tu aonekane amepona? Nimechagua kuliuliza katika Kisiwa cha Mombasa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kisiwa hiki kimeishi na maafa ya kivuko ambayo kumbukumbu yake ingali hai. Ya pili ni kwamba Mji wa Kale, kuanzia Ngomeni hadi Kibokoni na bandari ya kale, ni mojawapo ya mahali ambapo adabu ya msiba, methali na usemi wa barazani vimehifadhiwa kwa makini. Tukitaka kujua nguvu na upungufu wa lugha ya maliwazo, ni hapa panapofaa kuanzia.

Rai yangu, nitakayoieleza hatua kwa hatua, ni kwamba Kiswahili kina rasilimali ya kutosha kuhusu kupona kwa moyo, ila sisi watumiaji tumeshika upande mmoja wa rasilimali hiyo na kuuacha wa pili. Tumeshika maneno yanayofunga jeraha upesi, tukayasahau yale yanayomwonya msikilizaji asiamini kwamba limefungika.

2. Mkono wa bahari na watu wake

Kisiwa cha Mombasa kimeunganishwa na bara kwa daraja la Nyali upande wa kaskazini na kwa barabara ya Makupa upande wa magharibi. Kwa upande wa kusini, watu huvuka mkono wa bahari kwa feri, kama wasemavyo wenyeji. Kwa hesabu itajwayo mara kwa mara, wavukao Likoni kwa siku moja hupindukia watu laki tatu. Kuvuka huku si safari. Ni sehemu ya siku ya mtu, kama vile kufungua mlango na kutoka nje.

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe I ilipinduka kiasi cha mita 40 tu kutoka gati ya Mtongwe, ikiwa imejaa kupita kiasi chake. Waliokuwamo walikuwa takriban watu 400, nao 272 walikufa maji. Yafaa msomaji aitazame namna habari hii inavyoandikwa. Hesabu ya waliokufa hutajwa kwa ukamilifu. Waliotoka majini wakiwa hai, ambao kwa hesabu hiyo hiyo ni zaidi ya mia moja, aghalabu hawatajwi. Huachiwa msomaji awapate mwenyewe kwa kutoa. Hata katika hesabu, basi, manusura ni baki.

Tarehe 29 Septemba 2019 gari moja liliteleza kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni na kuzama pamoja na mama na mtoto wake. Gari hilo na miili yao vilitolewa majini tarehe 11 Oktoba. Muda wote huo feri ziliendelea kuvuka juu ya mahali pale pale, zimejaa watu ambao baadhi yao walikuwa wameishuhudia ajali kwa macho yao. Maafa ya namna hii si ya Mombasa peke yake. Ziwa Victoria lilikuwa na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na Zanzibar ilikuwa na MV Spice Islander I tarehe 10 Septemba 2011 na MV Skagit tarehe 18 Julai 2012. Lakini hali ya Mombasa ina jambo lake la pekee. Aliyenusurika katika meli ya masafa anaweza kuazimia asipande chombo tena. Mkazi wa Mtongwe au Likoni aliyekuwa na kazi kisiwani hakuwa na hiari hiyo. Ilimbidi ayapande tena maji yaliyomtoa roho wenzake, pengine wiki ile ile, asubuhi na jioni.

Wataalamu wa afya ya akili wanayo maelezo ya hali inayoweza kumpata mtu kama huyu. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilitia katika orodha yake rasmi maradhi yafuatayo tukio la kutisha: kumbukumbu zinazorudi bila ya kuitwa, ndoto mbaya, kukwepa mahali na mambo yanayokumbusha tukio, usingizi kupotea, na kugutuka kwa jambo dogo. Dalili hizi zikidumu kupita mwezi na kumzuia mtu kuendesha maisha yake, ndipo huhesabiwa kuwa ni maradhi. Wengi wafikwao na maafa hupona bila ya tiba maalumu, wakizungukwa na watu wao. Wachache hawaponi hivyo, na hao wanahitaji mtu mwenye ujuzi. Kwa hiyo wale wanaomzunguka mtu, pamoja na maneno yao, ndio dawa ya kwanza, na mara nyingi ndio dawa ya pekee. Hapo ndipo mhakiki wa lugha anapopata kazi.

3. Pole na nishapoa

Tuanze na neno dogo kuliko yote. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili Uingereza niliombwa mara kwa mara na wanafunzi wenzangu nilifasiri neno pole. Kila nilipolifasiri kwa neno la Kiingereza la kuomba radhi, waliniuliza msemaji ana kosa gani hata aombe radhi. Hakika pole haina kosa ndani yake wala haina kuomba radhi. Neno hili haliko mbali na kitenzi kupoa, ambacho hutumika kwa chakula kilichokuwa moto, kwa ghadhabu iliyotulia, na kwa kidonda kilichokauka. Amwambiaye mwenzake pole humtakia apoe, yaani moto ulio ndani yake upungue. Kama sala, hii ni fupi na njema.

Lakini pole haisimami peke yake. Ni nusu ya mazungumzo, na nusu ya pili imekwisha kutungwa tangu zamani:

– Pole, mwanangu.
– Nishapowa, mama.

Mzungumzaji wa Mombasa hutoa jawabu hili bila ya kufikiri, na akilikosa huonekana hana adabu. Tulitazame kisarufi. Kiambishi -sha- huonyesha tendo lililokamilika kabla ya wakati wa kusema. Mgonjwa hasemi napowa, akamaanisha kwamba kupona kunaendelea, wala hasemi nitapowa kwa kutumaini. Husema nishapowa, kwamba jambo limekwisha. Dua imetoka kinywani mwa mwombaji, na kabla hajafunga mdomo imekwisha kukubaliwa. Mtu aliyetolewa majini asubuhi, nguo zake hazijakauka, huambiwa pole na wageni arobaini, naye mara arobaini hutamka kwamba amekwisha kupona.

Mtu atakayesema kwamba hili ni jambo la adabu tu, wala hapana aliyaminiye, atakuwa amesema nusu ya kweli. Ni kweli kwamba asili yake ni adabu. Hatari yake ni kwamba adabu ikirudiwa sana hugeuka taarifa. Baada ya siku saba wageni hupungua, na mwenye kuulizwa kwa nini hampitii tena jirani yake atajibu kwamba jirani alisema amepowa. Mgonjwa naye, akiwa ametamka hivyo mbele ya watu wote, hupata tabu kurudi akasema kwamba usiku halali. Atakuwa kama mtu anayeikana kauli yake.

4. Methali zinazogombana

Wataalamu wa methali wameonyesha mara nyingi kwamba methali za lugha moja hupingana, na kwamba maana yake hukamilika mahali zinaposemwa. Katika suala letu mgongano huo uko wazi kabisa.

Upande mmoja ziko zile zisemwazo hadharani. Ya kwanza ni ajali haina kinga. Neno ajali lenyewe linahitaji kufikiriwa. Katika Kiarabu lilikotoka, ajal ni muda uliowekwa, hasa mwisho wa uhai wa mtu. Kiswahili kimelibakiza na maana hiyo, kwani twasema ajali yake imefika, na papo hapo kimelipa maana ya tukio la ghafula barabarani au baharini. Maana hizi mbili zikikaa katika neno moja, kila chombo kinachopinduka huonekana kana kwamba kilikuwa kimeandikiwa kupinduka. Imani katika kudra ni faraja kubwa kwa mfiwa, na sikusudii kuigusa. Ninaloligusa ni methali hii inapotoka kinywani mwa mwenye dhamana ya chombo. Feri iliyojazwa kupita kiasi ilikuwa na kinga, nayo ni kutojazwa. Anayemwambia manusura kwamba ajali haina kinga humnyima haki ya kuuliza, na mtu aliyezuiwa kuuliza hupona kwa shida.

Ya pili ni yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hii ndiyo methali ya wapatanishi, na katika ugomvi wa watu wawili ni hekima tupu. Lakini imejengwa kwa istilahi za uganga, ndwele na kuganga, na ukiisema kwa mtu mwenye jeraha la moyo inageuka kuwa utambuzi wa maradhi uliokosea. Kwa manusura, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, kwa kuwa hayajapita. Yanarudi usiku, na yanarudi honi ya feri inapolia.

Ya tatu ni kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Husifu ustahimilivu wa mtu asiyelia wala kupiga kelele, na katika malezi ya Mji wa Kale ungwana huu umepewa heshima kubwa, hasa kwa wanaume. Hata mfa maji haachi kutapatapa, ambayo twaisema kwa mzaha kwa kila ahangaikaye bure, imo katika kundi hili. Lugha ya watu wa pwani imejaa sitiari za maji: mtu huzama katika mawazo, maji humfika shingoni, mambo yake hupinduka. Sisi tunazitumia tukiwa barazani, miguu mikavu. Kwa yule aliyekuwa Mtongwe asubuhi ile, hizo si sitiari.

Upande wa pili ziko methali ambazo hazisemwi sana katika hotuba. Mojawapo ni aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni ukuti mkavu wa kusukia, usio na sumu wala meno. Methali imekusanya kwa maneno machache mambo ambayo orodha ya mwaka 1980 iliyaeleza kwa kurasa: kwamba hofu huhama kutoka kwenye kitu kilichodhuru hadi kwenye kitu kinachofanana nacho, kwamba mwili hugutuka kabla ya akili kupambanua, na kwamba hali hii haitokani na woga wa tabia bali hutokana na kuumwa. Haimcheki mtu huyo, wala haimwambii kwamba ung'ongo si nyoka. Yasema tu kwamba ndivyo awavyo.

Nyingine ndiyo iliyotupa anwani ya makala haya: mwenye kovu usidhani kapowa. Kovu ni alama ya kidonda kilichofungika. Kwa mtazamaji, kovu ni ushahidi wa kupona. Methali yaukataa ushahidi huo waziwazi. Tena tuangalie anayeambiwa. Kitenzi usidhani kimo katika nafsi ya pili, na nafsi hiyo si mwenye kovu. Ni sisi tumtazamao.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Nishapowa na usidhani kapowa hazipingani, ingawa kitenzi ni kile kile na zaonekana kukanushana. Zimegawana kazi. Ya kwanza ni kauli ya mgonjwa, na ni haki yake. Ni pazia analolishusha asitazamwe pale asipotaka kutazamwa. Ya pili ni amri kwa msikilizaji: uheshimu pazia, lakini usidhani kwamba nyuma yake hapana mtu. Jamii iliyozitunga zote mbili ilijua jinsi ya kumwacha mtu na stara yake bila ya kumwacha peke yake. Upungufu wa siku hizi ni kwamba kauli ya kwanza ingali katika kila kinywa, hali ya pili imebaki katika vitabu vya methali, na wanafunzi wetu huieleza katika mitihani kuwa yahusu watu wenye kinyongo. Maana hiyo imo, lakini si yote.

5. Mfiwa ana jina

Huenda msomaji akasema kwamba ninasahau taratibu za msiba, ambazo katika Mji wa Kale ni madhubuti. La, ni kwa sababu ya umadhubuti wake ndipo ninapozitaja. Mtu akifa, kila aliye karibu naye hupata jina na mahali. Aliyekufa ni marehemu, na aliyekufa maji, kwa mafundisho ya Kiislamu, huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Aliyefiwa ni mfiwa. Mke wake ni kizuka, akae eda ya miezi minne na siku kumi. Watu hukaa matanga, husoma hitima, wakaja kuhani, wakapeana mikono. Maiti asipopatikana, iko swala ya kumsalia aliye ghaibu. Kila jina lina muda wake, na muda ukiisha mtu hutolewa katika hali ile kwa utaratibu unaojulikana. Hekima ya utaratibu huu ni kwamba haumwachii mfiwa kazi ya kujua afanye nini.

Manusura hana matanga. Siku mwenzake anaposaliwa, yeye yumo msikitini katika safu, mzima, na watu humwambia ashukuru. Neno lenyewe manusura ni la familia ya kunusuru, na ndugu yake nusura lina maana mbili katika Kiswahili: msaada uokoao, na karibu kutokea, kama katika kusema nusura afe. Sijui kama liko neno jingine linalomweleza mtu huyu vizuri zaidi. Ni mtu aliyesaidiwa, na papo hapo ni mtu wa karibu: karibu kufa, karibu na waliokufa. Jamii humwona katika maana ya kwanza tu na kumtaka afurahi. Yeye huishi katika maana ya pili, akijiuliza kwa nini mkono aliokuwa ameushika uliteleza. Jawabu apewalo ni kwamba ajali yake haijafika. Laweza kumtuliza, lakini halimpi utaratibu wowote wa kufuata kesho.

Ni haki kutaja kwamba liko jambo moja la desturi linalomweka yeye katikati. Mtu aliyepatwa na hofu kubwa husomewa, au hupewa kombe, yaani aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikafutwa kwa maji akanywa. Bila ya kuingia katika hukumu ya kidini au ya kitabibu, mhakiki ataona kwamba katika tendo hili mgonjwa hukaa, wengine humzunguka, na wakati hutengwa kwa ajili yake. Hapana anayemtaka aseme nishapowa kabla ya kisomo kwisha. Mhudumu wa afya anayelidharau tendo hili huupoteza mlango uliokwisha kufunguliwa. Na msomaji wa kisomo naye akimwona mtu wake haponi mwezi ukapita, apaswa kumwelekeza hospitali.

6. Maneno mawili ya kusema

Huduma ya kisasa imekuja na lugha yake, na lugha hiyo pia yataka kuhakikiwa. Nchini Kenya huduma za kusaidia watu kisaikolojia baada ya maafa zilipanuka hasa baada ya mlipuko wa bomu wa Nairobi wa tarehe 7 Agosti 1998. Mwaka 2014 ilipitishwa sheria ya washauri na wanasaikolojia. Haya ni maendeleo. Lakini tutazame jina ambalo huduma hii imepewa: ushauri nasaha. Ushauri ni kumwambia mtu la kufanya. Nasaha ni kumwambia mtu la kufanya kwa nia njema. Istilahi ina maneno mawili, na yote mawili ni ya kusema. La kusikiliza halimo, ilhali kusikiliza ndiyo kazi yenyewe. Mzee wa Kibokoni anapoambiwa aende kwa mshauri nasaha, ana haki ya kushangaa kijana wa miaka ishirini na mitano atamnasihi nini yeye aliyevuka bahari miaka hamsini.

Neno kiwewe nalo limepandishwa cheo. Katika matumizi ya kawaida mtu hupigwa au hushikwa na kiwewe, yaani huchanganyikiwa kwa ghafula, kisha kikamtoka. Ni hali ya dakika. Wafasiri wamelichukua litaje jeraha linaloweza kudumu miaka. Lugha hukua kwa njia hiyo na sina ugomvi nayo, mradi tujue kwamba msikilizaji wa kawaida atalifahamu kwa maana ya zamani na kungoja kiwewe kipite chenyewe. Kwa maoni yangu, donda, kidonda na kovu, ambayo tayari yana mpango wake wa ukubwa na muda, yangetufaa zaidi tunapozungumza na wagonjwa, hata kama madaktari wao kwa wao watatumia istilahi nyingine.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba ujuzi wa kisasa wenyewe umekaribia pale zilipo methali zetu. Wakati fulani iliaminika kwamba manusura akalishwe mara moja baada ya ajali, aelezwe na aeleze yote yaliyompata kwa kikao kimoja. Uchunguzi uliokusanya majaribio mengi ulionyesha kwamba kikao cha namna hiyo hakizuii maradhi kuja, na huenda kikawadhuru baadhi ya watu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake wafundisha mambo matatu: kuangalia, kusikiliza, na kuunganisha mtu na msaada. Wakataza kumshurutisha mtu kusimulia. Maana yake ni kwamba pazia la nishapowa halipaswi kuraruliwa. Wataka pia mtu asiachwe, na hiyo ndiyo usidhani kapowa. Mwalimu anayewafundisha wahudumu wa Likoni au wa hospitali za kisiwani angeweza kuanzia katika methali hii, na hangehitaji kufasiri kitu.

7. Ushahidi wa fasihi

Je, fasihi andishi imemwachia manusura nafasi gani? Katika mapokeo ya pwani, maombolezo humlilia marehemu na kumsubirisha mfiwa. Kusema na moyo ni fani kongwe: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir imejengwa juu ya mshairi kuuhutubia moyo wake mwenyewe. Lakini moyo ule ni mwanafunzi anayeonywa. Hapewi nafasi ya kueleza maumivu yake. Kwa upande wa bahari, Sambo ya Kiwandeo ya Ahmed Sheikh Nabhany, iliyochapishwa mwaka 1979, ni hazina ya istilahi za jahazi na uundaji wake. Chombo humo hutajwa sehemu kwa sehemu, kwa majina ambayo wengi wetu tumeyapoteza. Tunajua kukitaja chombo namna hiyo. Hofu ya aliyetoka ndani ya chombo hatuijui kuitaja vivyo hivyo.

Hata hivyo Mombasa ina kielelezo cha aliyeumia akisema kwa nafsi yake. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka mwaka 1973, ilitungwa kifungoni. Dhiki yake ni ya kisiasa na wala si ya ajali, lakini kwa fani yatufaa: mwenye jeraha ndiye asemaye, wala hadai kwamba amekwisha kupona. Arudhi na Kimvita havikumzuia, bali vilimpa ukuta wa kuegemea.

Kwa kulinganisha, mwandishi wa Kiingereza Charles Dickens alinusurika katika ajali ya treni ya Staplehurst tarehe 9 Juni 1865, akawahudumia majeruhi kwa mikono yake, na tangu hapo akawa anaiogopa treni. Mtu huyu, aliyeeleza kila kitu cha nchi yake kwa kurasa nyingi, aliitaja ajali hiyo kwa maneno machache tu mwishoni mwa riwaya ya Our Mutual Friend. Mwaka uliofuata aliandika hadithi ya mzimu unaomtokea mtumishi wa reli na kuashiria maafa. Kile asichoweza kukisimulia kama kisa chake alikipeleka katika hadithi. Yaelekea fasihi humfaa manusura hasa kwa njia hii: humpa mahali pa kusema bila ya kulazimika kusema ni mimi. Fumbo, ambalo washairi wetu hulitumia kwa siasa na kwa mapenzi, laweza kulifanya kazi hii pia.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba lugha ya maliwazo ni matini inayostahili kuhakikiwa, na kwamba uhakiki wake una faida nje ya darasa. Yanayofuata ni mapendekezo ambayo wenzangu wanaweza kuyapinga au kuyaongeza.

Kwanza, tunapofundisha pole na jawabu lake, tuifundishe pamoja na methali ya kovu, ili mwanafunzi ajue kwamba baada ya nishapowa yako maneno mengine. Waliwala lugha kabla yetu waliyajua: umelalaje, usingizi waja, wavuka na nani leo. Maswali haya ni ya kawaida na hayamshurutishi mtu. La mwisho, kwa mtu wa Likoni au Mtongwe, pengine lina thamani kuliko nasaha nyingi, kwa kuwa ndani yake mna ahadi ya kuvuka naye.

Pili, wanaounda istilahi za afya ya akili wakae na wazee wa barazani na wauguzi kabla ya kufasiri. Neno linalofaa kamusini laweza kumfukuza mgonjwa mlangoni.

Tatu, masimulizi ya walionusurika Mtongwe, ambao miaka inawapita, yakusanywe na idara zetu kwa ridhaa yao, kwa Kimvita na Kidigo na kila lugha waliyolilia siku ile, na kwa subira ya mtu asiyefukuzia kisa. Wengine watasema. Wengine watasema nishapowa, na hilo nalo liandikwe kama walivyolisema, pamoja na tarehe.